Nilimtafsiria Daktari Uongo, Mtoto wa Rafiki Yangu Akiungua kwa Homa

Nimekosa, na sitazunguka. Kabla hujanionea huruma, na kabla sijakusimulia waliyonitenda wengine, jua kwamba mimi ndiye niliyedanganya. Mama wa mtoto alisema ukweli kwa Kisomali, nami nikautoa kwa Kiswahili ukiwa uongo. Daktari akauandika.

Jina langu silitaji. Garissa ni mji mdogo, na soko la maziwa ni dogo zaidi. Ukinitambua, nyamaza tu, nakuomba.

Nilikuwa nauza maziwa ya ngamia. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Mmoja hukaa porini penye ngamia, akayakusanya maziwa, akavifukiza vyombo kwa moshi na kutuma jerikeni kwa lori la asubuhi. Mwingine hukaa mjini, akapokea na kuuza. Jerikeni tupu hurudi na lori hilohilo, na ndani yake sukari, majani ya chai, sabuni. Hakuna karatasi wala shahidi. Yule wa porini haoni ninavyouza, nami sioni anavyojaza. Ni kuaminiana basi.

Mwenzangu wa porini alikuwa Dahabo. Jerikeni zake zilifungwa kitambaa chekundu kwenye mpini ili zisichanganyike na za wengine. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi, na sikumbuki siku tuliyogombana. Alipomzaa binti yake Sahra, mikono aliyoishika kwa uchungu ilikuwa yangu. Sahra alipofika umri wa shule alikaa kwangu mjini miaka miwili, akasoma, akajifunza Kiswahili, akilala kwenye mkeka mmoja nami. Aliniita habaryar, yaani mama mdogo. Ukame ulipobana, mama yake akamwita arudi kumsaidia.

Sasa nikwambie ugonjwa wangu.

Ilikuwa kama mwaka mmoja kabla ya mafuriko makubwa ya huku kwetu. Siku hiyo niliinua sufuria ya chai motoni kwa mkono mtupu. Sikusikia kitu! Nilichosikia ni harufu ya nyama kuungua, na nyama yenyewe ilikuwa yangu. Nyuma ya mkono huohuo nilikuwa na baka lililofifia, ambalo sikuwahi kulijali.

Hospitalini nilipelekwa kwa muuguzi wa chumba cha nyuma. Aliniambia nifumbe macho, akanigusa kwa pamba, hapa na pale, nionyeshe ninaposikia; kwenye baka sikusikia. Kisha akasema taratibu, "Mama, huu ni ukoma. Usilie. Siku hizi unatibika."

Nililia. Yeye akasubiri nimalize, halafu akaleta dawa na kunieleza moja moja. Hizi kubwa utameza mara moja kwa mwezi hapa mbele yangu, na mkojo utakuwa mwekundu, usishtuke. Hizi za kahawia zitakutia weusi kwenye ngozi, utaisha baadaye. Hizi nyeupe ni kila siku, usikose hata siku moja.

Kisha akainua kidole. "Hizi ni zako peke yako. Usimpe mtu hata kidonge kimoja. Na ukipata homa, au upele, au macho yakawa ya manjano, acha dawa na uje hapa siku ileile. Usingoje kesho."

Nilimwambia nimeelewa. Na kweli nilielewa, wallahi. Ndiyo maana kosa langu halina pa kujificha.

Mtu mmoja tu nilimwambia, mume wangu. Alikuwa mtu wa Eldas, mwenye ngamia wake na maneno matamu. Aliniapia kwa Mungu kwamba siri yangu ni siri yake. Alikunywa chai yangu, akanibembeleza, akasema huu ni mtihani tu na tutaushinda pamoja. Wiki ya tatu akasema anakwenda kuangalia mifugo. Talaka niliipata sokoni, kwa mdomo wa mtu aliyetumwa, nikiwa nimeshika kipimo cha maziwa mbele ya wateja!

Sababu hakuitaja kwa mtu. Usidhani ni kwa wema. Aliogopa watu wakijua watamkimbia na yeye. Hata siri yangu aliitunza kwa faida yake mwenyewe, yule mtu.

Tangu siku hiyo nilifunga mdomo. Kikombe changu cha bati, cha buluu, nilikitenga kisinywewe na mtu mwingine. Ngozi ilipoanza kuwa nyeusi niliwaambia wateja ni jua la sokoni. Dahabo aliponiuliza, naye nilimwambia ni jua. Alicheka akasema, "Abaayo, dada yangu, jua la Garissa limekupenda wewe peke yako?" Tukacheka wote wawili, nami moyoni nimekufa.

Miezi ikapita. Siku moja Dahabo akaja mjini na Sahra, aliyekuwa sasa msichana wa miaka kumi na miwili hivi. Akamfunua bega. Kulikuwa na baka la mviringo, limefifia katikati.

"Wewe ni mtu wa mji," Dahabo akaniambia. "Hiki ni kitu gani?"

Jamani! Nilikumbuka mkeka mmoja, miaka miwili, pumzi yake na pumzi yangu. Nikajiambia nimemwambukiza mtoto wa watu. Nikienda naye hospitalini, yule muuguzi atauliza mtoto huyu amekaa na nani, na Dahabo atanigeukia.

Ilikuwa rahisi kusema mpeleke hospitali. Ni mwendo wa dakika ishirini kutoka pale tulipokaa. Sikusema. Wala sikumgusa lile baka, wala sikumuuliza mtoto, unasikia nikikugusa hapa? Yale yote muuguzi aliyonifanyia mimi, sikumfanyia yeye hata moja.

"Ni joto na vumbi," nilisema. "Nina dawa nzuri ya ngozi. Nitakutumia."

Usiku ule sikulala, asubuhi nikachukua kisu. Kila kidonge cheupe nilikikata vipande viwili, nusu yangu na nusu ya Sahra. Niliona huo ndio uadilifu! Za kahawia sikuzigusa, kwa sababu zingemtia weusi na mama yake angekumbuka weusi wangu. Unaona akili ya mwenye hila inavyofanya kazi? Hata katika kusaidia nilikuwa nahesabu jinsi ya kutoonekana.

Zile nusu nilizifunga kwenye karatasi, nikazitia ndani ya sukari, sukari ndani ya jerikeni yenye kitambaa chekundu. Nilimpa ujumbe dereva wa lori. Mwambie Dahabo ampe nusu kila asubuhi, asikose hata siku moja.

Katika maneno yote ya yule muuguzi, nilituma hilo moja. Ya homa sikuyatuma. Ya upele na macho ya manjano sikuyatuma. Na jina la dawa sikulitaja kabisa.

Wiki kama tano zikapita. Asubuhi moja lori likafika, wanawake tukasogea kama kawaida kila mtu akitafuta jerikeni zake. Nikaona vitambaa vyangu vyekundu, na katikati yake, juu ya turubai, Sahra amelala. Dahabo amemkalia kichwani akimkinga jua kwa mtandio.

Sikumtambua yule mtoto. Uso umevimba. Ngozi imejaa upele mwekundu, na shingoni inatoka kama ganda la kitunguu. Midomo imepasuka. Alipofungua macho kuniangalia, yalikuwa ya manjano.

Niliyajua yale macho! Niliambiwa habari zake mapema, kwa kidole kilichoinuliwa.

Tulimkimbiza hospitali. Daktari wa wadi alikuwa mgeni, mtu wa "huko Kenya", kama tunavyoiita sehemu nyingine ya nchi sisi wa huku, kijana mwenye haraka na mikono mipole. Kisomali hakijui. Dahabo naye Kiswahili chake ni cha kuulizia maji na sukari tu. Daktari akatazama huku na huku, akauliza nani atatafsiri.

Dahabo akanishika bega. "Huyu. Huyu ni mimi."

Alisema hivyo, wallahi. Huyu ni mimi.

Daktari akauliza homa ilianza lini, nikatafsiri sawasawa. Akauliza anakula, anatapika, anakojoa vipi, nikatafsiri sawasawa. Kisha akasema, "Muulize mama, mtoto amemeza dawa yoyote? Ya dukani, ya kienyeji, yoyote ile."

Nikamuuliza.

Dahabo akajibu bila kusita. "Mwambie zile ulizonitumia. Nusu kila asubuhi, sikukosa hata siku. Jina lake mtajie wewe, wewe unalijua."

Nikamgeukia daktari. Nikasema, "Anasema hajameza dawa yoyote."

Niliona kalamu ikiandika. Dahabo alikuwa akiniitikia kwa kichwa, ameridhika, maana kwake ukweli ulikuwa umekwisha kufika. Sahra alikuwa ananiangalia kwa yale macho. Nilidhani homa imempoteza, hasikii.

Utaniuliza kwa nini. Nami nimejiuliza mpaka nimechoka. Pale kitandani nilimwona moyoni yule mtu wa Eldas akinywa chai yangu na kuniapia. Nilijiambia, uliwahi kusema ukweli mara moja na ukaona malipo yake. Hasira niliyokuwa nayo kwa mume nikamlipisha mtoto asiye na kosa. Astaghfirullah!

Nje ya wadi nilimwambia Dahabo anipe zile dawa zilizobaki, eti nizitunze. Akanipa karatasi yote. Nikapumua. Nikajiambia dawa zimekwisha kumtoka mama yake mikononi, mwili wa mtoto utajisafisha, siri itabaki ilipo. Sikujua kwamba nusu kadhaa alikuwa amezifunga kwenye pindo la mtandio ili zisipotee njiani. Na kwa kuwa nilimwonya asikose hata siku moja, kila asubuhi, palepale wadini, alikuwa akimmezesha Sahra nusu moja kwa maji. Alikuwa anatii maneno yangu!

Mtoto alichomwa sindano za malaria. Siku ya pili akawa mbaya zaidi. Daktari akarudi na faili.

"Muulize tena. Ana hakika hakuna dawa?"

Sikumuuliza hata kidogo. Nilisema tu kitu cha Kisomali, nikamwambia Dahabo daktari anauliza kama yeye mwenyewe amekula. Akasema amekula kidogo. "Ana hakika," nikamwambia daktari.

Siku ya tatu yule daktari kijana alisimama kando ya kitanda, akasema kama mtu anayezungumza peke yake, "Ini linaumia. Kuna kitu kinamwingia mtoto huyu na mimi sikijui. Nisipokijua, nitampoteza."

Alikuwa hajaniomba nitafsiri. Nilikuwa nimeinamisha kichwa.

Ndipo sauti ikatoka kitandani, nyembamba, kwa Kiswahili cha shule.

"Daktari. Mimi nimemeza."

Tukageuka wote.

"Nyeupe. Nusu. Kila siku. Na leo asubuhi."

"Nani amekupa?"

Sahra akaniangalia. Kisha akageuza uso ukutani. "Mama anazo," akasema. "Kwa nguo."

Hakunitaja! Alikuwa amesikia kila neno tangu siku ya kwanza, mtoto yule. Alinyamaza siku mbili kwa heshima ya mtu mzima, akingoja habaryar wake ajirekebishe mwenyewe. Na alipochoka kungoja, bado alinisitiri.

Daktari akaonyesha mtandio. Dahabo akafungua pindo haraka, bila wasiwasi, akaweka nusu mbili kwenye kiganja cha daktari. Kisha akanigeukia mimi.

"Kwani hukumwambia?"

Daktari naye alikuwa amenikazia macho. Nikasema kwa Kiswahili, "Ni zangu. Nina ukoma. Nilidhani na mtoto anao."

Daktari hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Mwambie mama yake hivyohivyo. Kwa lugha yake."

Ndiyo tafsiri ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilisema juudaan, ndilo jina la ukoma kwetu, nikasema ni wangu, nikasema dawa ni za ugonjwa huo, nikasema siku zile mbili nilimjibu daktari nilichotaka mimi. Dahabo alisikiliza mpaka mwisho. Alikwenda upande wa pili wa kitanda, akasimama huko.

Dawa ikasimamishwa saa ileile, wakaanza matibabu mengine. Na yule muuguzi wa chumba cha nyuma akaitwa aangalie bega. Alimfumba Sahra macho, akamgusa kwa pamba. Kila alipoguswa, mtoto alionyesha kwa kidole mahali hasa. Ndani ya baka, nje ya baka, pote alisikia.

"Hana ukoma huyu," muuguzi akasema. "Hiki ni choa. Dawa yake ni ya kupaka tu."

Choa! Ole wangu! Choa kile kinachowashika watoto wote wa porini wanaolala karibu na ndama. Mtoto alikuwa anakufa kwa dawa ya ugonjwa ambao hakuwa nao, kwa sababu mimi niliogopa kumgusa bega.

Muuguzi alinieleza baadaye kwamba vile vidonge vyeupe ni vizuri na vimeponya watu wengi, lakini wapo wachache ambao mwili wao unavikataa kabisa, na ndiyo sababu aliniambia zile dalili. Kwa mtu anayefuatiliwa na mhudumu, dawa ingesimamishwa siku ya kwanza ya homa. Sahra alikuwa hafuatiliwi na mtu. Alikuwa na mimi tu.

Alhamdulillah, aliishi. Alikaa wadini karibu mwezi. Nywele zilimtoka, ngozi ya viganja ikabadilika yote. Nilikwenda kila siku na uji. Dahabo aliupokea mlangoni, akamlisha, akanirudishia chombo kimeoshwa. Hakunitaka tena nimtafsirie. Alimtafuta mama mmoja anayefagia wadi, mtu asiyemjua kabisa, akampa mdomo wake. Nilikuwa nakaa kwenye benchi nje nikisikia mgeni akifanya kazi yangu, na anaifanya kwa uaminifu.

Mimi nami nililipa mwilini. Kwa wiki zile nilizokuwa nameza nusu, kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto kilianza kujikunja, na leo hakinyooki. Muuguzi hakusema ni kwa ajili hiyo. Mimi ndiye ninayesema.

Siku waliyoruhusiwa, Dahabo alikuja nyumbani kwangu kuchukua jerikeni zake. Nilipika chai. Nikamwekea kikombe cha wageni, nami nikashika changu cha buluu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba radhi.

Alisukuma kikombe cha wageni kando. Akanyoosha mkono, akachukua changu kutoka mkononi mwangu. Akanywa taratibu, mpaka chini.

"Umeona?" akasema. "Juudaan siogopi. Ungeniambia, ningekuletea maziwa mpaka kitandani. Lakini nilikupa ulimi wangu, walaal, ndugu yangu, ukaniuza nao."

Akafungua vitambaa vyekundu kimoja kimoja kwenye jerikeni zilizokuwa kwangu, akaviweka mfukoni. Sahra alikuwa mlangoni amejifunika kichwa. Alinisalimia vizuri, kwa adabu, kama mtu anavyosalimia jirani.

Mume wangu aliniacha kwa sababu nilimwambia. Dahabo ameniacha kwa sababu sikumwambia. Yule wa kwanza nilimlilia mwaka mzima nikijiona mimi ndiye niliyesalitiwa katika dunia hii, na nilipokuwa nalia hivyo nilikuwa nakata vidonge kwa kisu.

Wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi maradhi niliyaficha kwangu, kilio nikakipeleka kwa mwenzangu.

Dawa zangu nilizimaliza, zote, nzima nzima. Muuguzi ameniambia nimepona. Maziwa siuzi tena, nauza nguo. Asubuhi lori likija naona jerikeni za vitambaa vyekundu zikishushwa kwa mama mwingine, hatua chache tu kutoka kibandani kwangu.

Wewe unayesoma, kama umepewa dawa ya ugonjwa huu, meza yako mwenyewe na umalize. Usikate, usigawe, hata kwa mtoto unayempenda. Umpende kwa kumpeleka hospitali. Zile dalili ulizoambiwa, waambie na wanaoishi nawe. Mumeo akikukimbia, mwache akimbie, dawa haihitaji mume ili ifanye kazi.

Na daktari akiuliza umemeza nini, jibu. Jibu hata kama sauti inatetemeka na wadi nzima inasikia. Sahra aliponywa na maneno machache ya Kiswahili, aliyojifunza nyumbani kwangu, juu ya mkeka wangu. Mtoto utakayemnyamazia wewe huenda asiwe na maneno hayo.